Dirisha Namba Mbili

Ofisi ya ardhi, Bagamoyo, Jumatano.
Umeme umekatika tangu saa tatu,
mashine ya kuchapia imekaa kimya na ulimi wa karatasi mdomoni.
Mimi, Mnyiramba wa Kiomboi, niliyeletwa huku kwa barua ya uhamisho
yenye mistari minne na makosa mawili,
nauliza kama nilivyofundishwa.
Jina? Tausi binti Mwinyikondo.
Kiwanja? Dunda, nyuma ya mashine ya kusaga iliyokufa.
Asili ya familia?
Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la leso.
"Andika Mshirazi."

Kisanduku changu kina upana wa kidole gumba.
"Shirazi ya wapi, mama? Wilaya gani?"

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.
"Mji mdogo," akasema. "Una ukuta wa udongo,
una kadhi, una mtunza daftari.
Bibi yangu hakuufika, wala bibi yake,
lakini njia ya kwenda sokoni waliijua."

Nyuma yake, kwenye benchi lenye mguu wa tofali,
alikaa Behruz, mchimba visima,
wiki ya tatu anafuatilia kibali,
Kiswahili chake cha kuokoteza, kama mchele wenye chuya.
Alisikia dirisha. Alisikia daftari, muhuri, diwani.
Akainuka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
"Hayo maneno ya mama yangu."

Akatuonyesha simu. Mji wake
si Shirazi yenyewe (Shirazi huendwa kwa basi, kung'oa meno),
ni makao ya wilaya tu, kamji,
barabara moja yenye mikomamanga,
benki mbili, mahakama,
jengo la mkuu wa wilaya na bendera iliyopauka,
na kwenye ngazi zake watu wameketi
na bahasha za kaki mapajani.
Ningeapa namjua yule wa tatu kutoka kushoto.
Huja hapa kila Jumanne kwa ajili ya mpaka wa shamba.

"Na serikali, mwaitaje?" Bi Tausi akamsaili.
"Sarkar. Sar ni kichwa. Kar ni kazi."
"Aa," akasema, akinitazama mimi,
"basi kichwa tumekiona."

Kisha akashusha sauti.
"Walioondoka, huko kwenu wanatajwa?"
Kijana wa watu angeweza kudanganya.
"Hapana, mama. Hatukujua kuna walioondoka."

Mimi nikajifanya natafuta pini.

"Sisi tunawataja," akasema Bi Tausi. "Miaka yote hii."
Halafu, kama mtu anayegeuza chapati kabla haijaungua:
"Nairuzi je, mnayo?"
"Nouruz!" Behruz karibu aangushe simu.
Bibi yake huotesha ngano kwenye sahani.
Bibi yake Tausi alihesabu miongo kwa kokwa za ukwaju
ndani ya kopo la maziwa, na mwaka mmoja panya akala siku kumi,
mtaa mzima ukaoga mwaka ukiwa umechelewa.

Umeme ukarudi saa nane kasorobo.
"Asili?" nikauliza tena, safari hii taratibu.
"Weka Dunda. Ndiko kilikozikwa kitovu changu.
Hiyo nyingine iache. Haitaki muhuri."

Ila sahihi. Sahihi ni ya bosi,
na bosi yuko Kibaha mkutanoni, na kalamu yake.
Nilipofungua mdomo Behruz akanitangulia:
"Farda biya."
"Ndiyo nini?"
"Njoo kesho. Kwetu serikalini husemwa hivyo."

Wakatoka pamoja, yeye akimsahihisha ngeli,
kibali, vibali, kibali changu, vibali vyangu,
japo hata kimoja hakijatoka.

Nikafunga dirisha. Kwao, aliniambia,
neno hilo ni mlango mdogo.
Mdogo kweli. Mtu hapiti.
Hupita kiwiko, bahasha, na jina.